Mgeni wa Krismasi na Jembe la Januari

Haya ndiyo maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya mabaraza ya vijiji na mikutano ya wakazi wa miji mwanzoni mwa mwaka.



Mwaka ukianza, watu hutakiana heri, na desturi hiyo ni njema. Lakini udongo hausikii salamu. Katika nchi ya Ukambani mwezi wa Januari huyakuta mahindi, kunde na pojo za mvua ya vuli zikikauka shambani zikingoja kuvunwa, na mvua ya masika, ambayo huko haitumainiki kama ile ya vuli, itarajiwa kuanza mwezi wa Machi. Kati ya mavuno na mvua yapo majuma machache ambayo shamba ni tupu, jua ni kali na mikono ya watu haina kazi nyingi. Majuma hayo yakipotea, mwaka mzima umepotea, kwa kuwa mvua ya kwanza ya Machi hulikuta shamba lisilo na nyasi wala majani ya kulifunika, nayo hushuka kwa nguvu na kuchukua udongo wa juu, ule wenye rutuba, ikaupeleka mtoni kwa saa moja. Udongo uliochukuliwa kwa saa moja haurudi katika maisha ya mtu.

Kwa sababu hiyo maneno haya yasemwa Januari, wala si Aprili. Tena yasemwa kwa watu wa aina mbili pamoja: wale wakaao mashambani, na wale waliotoka Nairobi na Mombasa kuja kula Krismasi kwao, ambao kabla ya mwezi kwisha watapanda basi kurudi kazini. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Krismasi amekwisha kukaa zaidi ya siku mbili.

Yafaa kwanza ielezwe habari ya Machakos, kwa maana hakuna mahali pengine katika Kenya ambapo jambo hili limeonekana wazi zaidi, kwa ubaya wake na kwa uzuri wake.

Mtu aliyepita katika vilima vya Machakos katika miaka ya 1930 aliona nchi iliyochanika. Makorongo mekundu yalishuka kila upande wa kilima, nyasi zilikuwa zimekwisha, na mahali pengi mwamba ulikuwa umetokeza nje kama mfupa. Mwaka wa 1937 zilipigwa picha za mahali hapo, na maofisa wengi waliozitazama walidhani ya kuwa nchi ile inakufa. Watu waliokaa katika wilaya hiyo wakati ule walikuwa karibu 240,000, na ilisemwa ya kuwa hao tayari ni wengi mno kwa ardhi ile.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeona ugonjwa, wala haikukosea katika hilo. Ilikosea katika dawa. Iliamuru ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe kwa nguvu. Haikutaja sana ya kuwa sehemu ya malisho ya zamani ilikuwa imetwaliwa na kufanywa mashamba ya walowezi, hata ng'ombe wakasongamana katika sehemu iliyobaki. Ng'ombe walikamatwa wakauzwa kwa bei ndogo, na kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kimekwisha kujengwa kikiwangoja. Basi mwezi wa Julai mwaka wa 1938 Wakamba kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi wakapiga kambi huko kwa majuma kadha, wakitaka Gavana mwenyewe asikilize shauri lao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini mwishowe amri ile iliondolewa, na ng'ombe waliokuwa hawajauzwa wakarudishiwa wenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja amri nyingine: kuchimba matuta. Watu walikusanywa kwa siku zilizowekwa, chini ya macho ya askari wa chifu, wakachimba. Mengi ya matuta yale yalikuwa membamba, yakabomoka kwa mvua ya mwaka mmoja au miwili, na kazi ikaanza upya. Si ajabu kwamba watu wengi walilichukia jembe lile. Mtu aliyelazimishwa kulinda shamba lake mwenyewe hudhani ya kuwa shamba si lake tena, na kwamba likiisha kutengenezwa litatwaliwa. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi, kwa maana walikwisha kuona mashamba yakitwaliwa.

Yaliyobadili mambo yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba katika miaka ya 1950 kazi ilianza kutiwa mikononi mwa mwethya. Mwethya ni desturi ya Wakamba tangu kale: jirani akitaka kujenga nyumba au kupalilia shamba, huwaita majirani, nao huja bila mshahara, wakijua ya kuwa zamu yao itafika. Kikundi kilipochagua viongozi wake wenyewe na kuamua chenyewe shamba la kuanzia, watu waliokuwa wakijificha siku ya amri walikuja kwa nyimbo. Wengi wao walikuwa wanawake, na ni haki jambo hilo litajwe wazi, kwa kuwa katika picha nyingi za mabaraza ya zamani walioketi mbele ni wanaume, na walioshika sepetu ni wake zao.

La pili ni kwamba wakulima waliachiwa kuchagua aina ya tuta, nao wakachagua lile lenye kudumu, liitwalo fanya juu. Jina hilo la Kiswahili sasa latumiwa na mabwana shamba katika nchi nyingi za Afrika na hata kuandikwa katika vitabu vya Kiingereza, nalo ni moja ya maneno machache ambayo Waingereza walilazimika kujifunza jembeni.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 kazi ililegea, maana kwa wengi tuta lilikuwa ukumbusho wa kulazimishwa. Lakini baada ya miaka michache watu walianza tena, safari hii bila askari. Waliona ya kuwa jirani mwenye matuta huvuna katika mwaka wa mvua haba, na asiye na matuta hununua unga. Kahawa ilikuwa imeingia vilimani, kisha miembe, michungwa na mboga za kuuza Nairobi, na tuta likawa na faida ya fedha. Tangu mwaka wa 1974 nchi ya Uswidi ilisaidia kazi ya hifadhi ya udongo katika Kenya, lakini sepetu zilikuwa mikononi mwa wenyewe.

Kufika mwaka wa 1989 watu wa wilaya ile walikuwa wamefika karibu 1,400,000, yaani zaidi ya mara tano ya wale waliosemwa kuwa ni wengi mno. Mwaka wa 1991 wataalamu walikwenda kusimama mahali pale pale pa picha za mwaka wa 1937 wakapiga picha nyingine. Vilima vilivyokuwa vitupu vilikuwa vimekatwa ngazi toka chini mpaka juu, na miti ilikuwa mingi kuliko zamani. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika habari hiyo katika kitabu mwaka wa 1994, na jina la kitabu chao lilisema ya kuwa watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua. Wengi hawakutaka kusadiki.

Haitakuwa kweli, hata hivyo, kusema ya kuwa kila nyumba ilifaidika sawasawa. Kitabu hicho chenyewe chaonyesha ya kuwa fedha nyingi zilizochimba matuta zilitoka katika mishahara ya mjini. Nyumba yenye mtoto afanyaye kazi Nairobi ilinunua sepetu, ikaajiri vibarua, ikapanda miche ya matunda. Nyumba isiyo na mtu mjini ilichimba polepole, au haikuchimba. Hapo ndipo mgeni wa Krismasi aingiapo katika shauri hili. Mtu ajaye na mkate, sukari na nguo za watoto ameleta vitu vizuri, lakini vyote vitakuwa vimekwisha kabla ya shule kufunguliwa. Akinunua sepetu mbili na sururu moja, na kuacha fedha za chakula cha mwethya kwa siku moja, ameacha kitu ambacho mjukuu wake atakikuta.

Basi kazi yenyewe hufanywaje?

Jambo la kwanza ni kupata mstari ulio sawa, usiopanda wala kushuka, kukata mteremko wa kilima. Tuta lisilo sawa ni baya kuliko kutokuwa na tuta, kwa maana maji yatakusanyika pale palipo chini, yapasue, na kuanzisha korongo jipya. Jicho la mtu halitoshi, hata liwe la mzee aliyelima miaka 50. Lakini chombo cha kupimia hakihitaji fedha. Huchukuliwa fito mbili zilizo sawa kwa urefu, zikafungwa pamoja juu, na ufito mmoja mfupi ukafungwa katikati kwa kulala, hata umbo likawa kama herufi A. Toka juu huteremshwa uzi wenye jiwe. Miguu ya chombo huwekwa juu ya vigingi viwili, na mahali uzi ugusapo ule ufito wa kulala hutiwa alama. Kisha chombo hugeuzwa, mguu wa kuume ukakaa palipokuwa pa kushoto, na alama ya pili hutiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tangu hapo, kila uzi utuliapo katikati, miguu yote miwili imesimama mahali palipo sawa, na kigingi hupigwa. Watoto wa shule hukishika chombo hiki haraka kuliko wazazi wao, na kazi ya kupima yafaa kuachiwa wao kabla shule hazijafunguliwa.

Mstari ukiisha kupatikana, mfereji huchimbwa, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, na udongo hutupwa upande wa juu wa kilima. Ndiyo maana ya fanya juu. Kutupa udongo juu ni kazi nzito kuliko kuutupa chini, na watu wavivu hupenda kufanya chini. Lakini udongo uliorundikwa juu ya mfereji husimamisha maji na udongo utokao shambani, na mwaka kwa mwaka shamba hujaa nyuma yake mpaka likalala kama ngazi. Mfereji wa urefu wa mita 100 hutoa udongo wa mita za ujazo 36, ambao ungejaza mapipa 180 ya lita 200. Mke na mume peke yao wakitazama hesabu hiyo watakata tamaa. Watu 15 wa mwethya, wakianza alfajiri kabla ya jua kali, huifanya kwa siku chache wakacheka na kutaniana.

Nafasi baina ya tuta na tuta hutegemea ukali wa mteremko, na hapo yafaa kumwuliza afisa wa kilimo wa wadi. Neno moja tu lisisahauliwe: tuta tupu halitadumu. Juu yake hupandwa majani ya kulishia ng'ombe mvua ya kwanza ikinyesha. Mizizi hulishika, na ng'ombe wa maziwa hupata chakula bila kutembea. Na chini ya mfereji, penye unyevu, hupandwa miti ya matunda. Katika nchi kavu ya Makueni na Kitui upo mti wa mukau, ambao mbao zake ni nzuri na mchwa hawaupendi, nao huvumilia ukame. Mbegu yake ni ngumu kuota kama haikutolewa katika kokwa kwa ustadi, kwa hiyo afadhali kununua miche. Mikaratusi hukua upesi na huuzwa kwa nguzo, lakini mtu aipandaye karibu na chemchemi ameiuza chemchemi, tena si ya kwake peke yake.

Kuhusu utaratibu wa kikundi, yapo mabishano yaliyovunja vikundi vingi, nayo ni juu ya shamba la kwanza. Mwenyekiti hutaka liwe lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeita watu. Vikundi vilivyodumu huanza mahali pengine. Huanza kwa mjane, au kwa mzee asiye na nguvu. Mtu huyo hawezi kulipa kwa kazi, lakini kila aliye kikundini amekwisha kuona kwa macho yake ya kuwa zamu haiuzwi. Tena ni lazima kazi ifuate kilima, toka juu kushuka chini. Mtu wa chini akichimba peke yake, maji ya jirani wa juu yatambomolea yote kwa usiku mmoja, na hapo ugomvi wa mipaka utaanza, na baraza la chifu litajaa watu waliopaswa kuwa shambani.

Baada ya udongo ni maji. Watu wengi husema ya kuwa nchi yao haina mvua, hali mvua yapita juu ya mabati yao ikaenda zake. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ina mita 48 za mraba. Msimu mmoja ukileta milimita 300, lita 14,400 zimeanguka juu ya nyumba hiyo. Hata sehemu moja katika tano ikipotea, zabaki zaidi ya lita 11,500, yaani mapipa 57. Mwanamke achotaye lita 20 mtoni kila safari angetembea safari 575 kuleta maji hayo. Januari ndiyo wakati wa kupigilia michirizi ya mabati, kuliosha tangi na kuziba nyufa zake, na kuweka wavu mdomoni mwake mbu wasizae. Maji ya mvua ya kwanza huachwa yamwagike, kwa kuwa yameosha vumbi na mavi ya ndege.

Mito ya Ukambani nayo ina siri yake. Mingi haina maji juu ila siku chache za mvua, lakini chini ya mchanga maji yapo. Watu wa kale walifukua visima mchangani, na punda bado hunyweshwa hivyo. Bwawa la mchanga limefuata akili hiyo hiyo. Ukuta wa saruji na mawe hujengwa kukata mto mpaka kwenye mwamba. Mvua huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, jua lisiyakaushe, ng'ombe wasiyachafue. Katika mchanga mzuri robo ya ujazo wote au zaidi yaweza kuwa maji. Huko Utooni, katika Machakos, kikundi cha wenyeji kilianza kazi hii mwaka wa 1978, na kazi yake ikawa mfano kwa vikundi vingi vya Machakos, Makueni na Kitui.

Na hapa lazima lisemwe neno gumu. Mchanga ule ule unaoshika maji ndio uendao Nairobi kwa malori kujenga nyumba za ghorofa. Lori moja huwapa vijana wapakiaji fedha ya siku moja. Mto ukiisha kukombwa mchanga mpaka mwamba, maji hupita bila kusimama, visima vya kando hukauka, na mama wa vijana wale wale huongeza kilomita katika safari yake. Ugomvi juu ya mchanga umeua watu katika nchi hiyo. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mchanga mwaka wa 2015, na sheria ni kitu chema, lakini haikeshi mtoni usiku. Mtu wa mjini ajengaye nyumba yafaa amwulize fundi wake mchanga umetoka wapi, na kama una kibali. Huenda umetoka nyuma ya nyumba ya mama yake.

Juu ya moto yatatosha maneno machache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka wa 2020 moshi wa kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Mafiga matatu ni ya heshima katika desturi, lakini hula kuni nyingi na kujaza moshi kifuani mwa mtoto aliye mgongoni mwa mamaye. Jiko la bati lenye udongo wa kufinyangwa ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu, na mafundi wa Jua Kali hulitengeneza karibu katika kila soko. Kuni zikiisha kupasuliwa na kukaushwa, moshi hupungua hata kwa mafiga. Mlango wa jiko ukifunguliwa, hupungua zaidi. Hayo hayahitaji fedha.

Wakazi wa mjini wasidhani ya kuwa maneno haya hayawahusu. Mjini hakuna tuta, lakini upo mfereji mbele ya nyumba, na mfereji uliozibwa ni sawa na kilima kisicho na tuta. Katika mvua ya masika ya mwaka wa 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika Kenya, na huko Mathare nyumba zilichukuliwa na maji usiku. Si kweli kwamba takataka peke yake zilileta msiba huo, kwa maana mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi na watu wengi hujenga kando ya mto kwa kukosa mahali pengine. Lakini maji yaliyokosa njia katika mfereji hutafuta njia mlangoni.

Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku katika Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Kabla yake wachinjaji walikuwa wakiikuta tumboni mwa ng'ombe na mbuzi wa mjini. Siku zile wengi walinung'unika wakiuliza watabebea nini nyanya. Jibu lilikuwa limetundikwa ukutani kwa nyanya zao: kiondo cha katani, ambacho wanawake wa Kikamba hukisuka. Mifuko myembamba ingali ikipenyezwa kwa magendo, nayo huonekana masokoni. Anayeikataa sokoni amefanya zaidi ya anayeiokota mferejini, ingawa kuokota nako kwahitajika.

Katika mitaa mingi ya mjini watu hawajuani kama kijijini. Mpangaji wa chumba cha tatu hajui jina la mpangaji wa chumba cha nne. Lakini mwethya hauhitaji ukoo. Wapangaji wa ploti moja, wakikubaliana juu ya asubuhi moja ya Jumamosi katika mwezi, waweza kuzibua mfereji wao toka lango lao mpaka lango la jirani, na jirani akaona haya. Yafaa waanze kabla ya Machi. Matope yatolewayo yasiachwe ukingoni, kwa kuwa mvua ya kwanza itayarudisha ndani. Yachukuliwe siku ile ile. Na chupa za plastiki zitengwe, kwa maana wapo wazinunuao kwa kilo, na fedha hiyo hununua glavu na reki za mwezi ujao.

Mtu mmoja bila shaka atauliza: je, mwaka huu mvua itakosekana kama ilivyokosekana? Swali hilo ni la haki. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2020 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya, na mifugo kwa mamilioni ikafa. Kisha mafuriko ya mwaka wa 2023 na 2024 yakafuata. Hakuna awezaye kuahidi mvua. Lakini tuta na tangi hutumika katika hali zote mbili: mvua ikiwa haba hushika ile iliyopo, na ikizidi huipunguzia mbio. Mkulima achimbaye Januari hajui ni ipi itakayokuja, wala hana haja ya kujua.

Vikundi vitakavyoanza juma hili vyaombwa kuja na vitu hivi: fito tatu zilizonyoka, uzi wa mita mbili, jiwe lenye ukubwa wa yai, vigingi 40 na panga la kuvichonga. Wenye sepetu waje nazo, na wasio nazo waje na jembe. Chakula cha mchana, na maji ya kunywa yaliyochemshwa, ni juu ya mwenye shamba. Kama mwenye shamba ni mjane au mzee, ni juu ya kikundi. Wageni wa Krismasi ambao basi lao laondoka Jumapili wafike Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kabla umande haujakauka.